Moshi Nyuma ya Goli

Wallahi, hadi leo nikisikia harufu ya tairi linaloungua, kifua hunibana. Miaka ile ya themanini, sisi mashabiki wa timu ya mtaa wetu hapa Changamwe tulikuwa na ada yetu: mechi kubwa ikija, tunafukiza goli la wapinzani. Wengine hufukiza kwa ubani. Sisi tulikuwa na matairi ya malori yaliyochakaa, tele. Tuliyachoma nyuma ya goli lao, tukiamini moshi ule mweusi unavunja uchawi wao. Diwani alitusihi tuache, akisema viwanda na malori yanatosha kutuchafulia hewa. Tukamcheka. Nani angemsikiliza diwani siku ya mpira?

Siku hiyo kibiriti nilishika mimi, mtu mzima na akili zangu. Golikipa wetu alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, mwenye pumu tangu utotoni. Moshi ukawatesa wapinzani kweli, tukafunga bao moja, nikacheza chakacha pale pale mchangani. Kisha mapumziko yakaisha, na timu zikabadilishana upande.

Sikuamini macho yangu. Nimetazama mpira maisha yangu yote, na jambo hilo halikunijia kichwani hata mara moja! Mdogo wangu akatembea, akaenda kusimama mbele ya moto wangu. Tukamwaga maji, moshi ukazidi. Tukatupia mchanga. Nilipomtazama tena alikuwa amepiga magoti, anatafuta pumzi haipati. Nikakimbilia uwanjani, leso imeanguka huko nyuma, sijali.

Zahanati walimrudishia pumzi. Alipofumbua macho aliuliza jambo moja tu.

"Dada, nani aliwasha?"

"Mimi."

Akageukia ukutani. Baadaye alimwambia nahodha kwamba panapochomwa matairi, yeye hadaki.

Mechi iliyofuata mashabiki walikuja na matairi yao kama kawaida, na mafuta ya taa. Goli letu lilikuwa tupu. Mdogo wangu alikaa pembeni, glavu mapajani, hanitazami. Nikashikwa na hasira za kujichukia. Nikalisukuma tairi la kwanza mbele ya watu wote hadi gereji lilikotoka. Nikarudi nikachukua la pili. La tatu, shabiki mwenzangu akanisaidia, na wengine wakafuata. Alichoshindwa diwani kutuachisha miaka yote, tulikiacha siku ile.

Nilipogeuka, mdogo wangu alikuwa anavaa glavu.