Film Nzima ya Kafedha

Mtaa mzima wa Mjambere, ukitaka picha ya kitambulisho au ya kumpelekea mchumba aliye Arabuni, ulikwenda kwa Baya. Na ukifika kwa Baya ulitii amri. Miguu uliiweka kwenye alama ya chokaa sakafuni, yeye akakuinua kidevu kwa kidole kimoja, akarudi nyuma ya kamera iliyosimama palepale tangu studio ifunguliwe, akanguruma, "Nitazame mimi!" Ole wako ugeuze shingo.

"Picha ya ubavu hupigwa wezi, kule polisi," alizoea kusema. "Mtu na heshima zake huonyesha uso."

Watu walimcheka chinichini, lakini walitii. Hata Kafedha, aliyekuwa mchumba wake, hakusamehewa. Siku moja kabla ya harusi yao Baya alimsimamisha kwenye alama ile akammalizia film nzima: mara anacheka, mara amenuna, mara ana leso begani, mara ameitoa. Zote alizozisafisha na kuzitunza, Kafedha ameikodolea kamera.

Kafedha alifariki mwaka wa tisini na tano, kwa maradhi ya moyo. Baada ya muda Baya aligundua jambo lililomtia hofu: alikuwa amesahau mkewe alivyoonekana kwa upande. Uso wa mbele haukumpotea, ulijaa ukutani. Lakini katika ndoa yao yote, Kafedha aliyeishi naye alikuwa wa ubavuni: ameinamia jiko akikoleza moto, ameketi kando yake kanisani, amelala upande wake wa kitanda. Huyo ndiye aliyemtoka. Alifumba macho akaitafuta pua ile, shavu lile, asipate kitu.

Ndipo akaja Jerioth, binti wa bara aliyekuwa mpima ardhi, kutaka picha za pasipoti. Katika maongezi akataja kazi ya ofisini kwao. Waliyapiga picha majengo ya kale kutoka kila upande, wakazitia picha kwenye kompyuta, na programu ikaunda jengo zima, ukaweza kulizungusha kwenye kioo na kuliona hadi nyuma.

Baya akasahau kumwinua kidevu.

"Na mtu je, mwanangu? Aliyekwisha kufa?"

"Sijawahi kujaribu, mzee. Lakini ungehitaji picha nyingi, za siku moja."

"Ninazo! Film nzima!"

Jumamosi alivaa shati la kanisani akaenda na bahasha yake hadi Changamwe, ofisini kwa akina Jerioth. Binti aliziingiza picha kwenye mashine, kisha akaanza kutia alama: kona ya jicho, ncha ya pua, ndewe ya sikio. Akarudia alama zilezile kwenye picha ya pili, na ya tatu. Mara Jerioth akasimamisha kazi.

"Mzee, zote hizi ulizipiga ukiwa mahali pamoja?"

"Kamera yangu haisogei. Ndiyo kazi yenyewe."

"Basi hapo ndipo penye shida. Programu hulinganisha picha ya kutoka huku na ya kutoka kule, ndipo ijue pua imetokeza kiasi gani. Hizi kwake ni kama picha moja tu. Hakuna hata moja ambayo amegeuka?"

Zilikuwapo. Siku ile dadake Kafedha alikuwa mlangoni akimtania, na bibi harusi akawa anageuka kumjibu. Baya aliziita mbovu, akazikata negativu zake kwa mkasi, akatupa. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya aliyamwaga mwenyewe, tena kwa fahari.

"Jaribu tu, mwanangu," alisema.

Jerioth alijaribu kwa kumhurumia. Uso wa Kafedha ukatokea kwenye kioo, unacheka, ukaanza kuzunguka taratibu. Ukakonda. Ukakonda tena, ukawa mstari, kisha pakawa patupu. Baya akasogeza kiti, akachungulia ubavuni mwa kompyuta. Aliuona ukuta.

"Nisimamishe, mzee?"

"La, usisimamishe," alisema Baya. "Mwache azunguke. Atarudi mbele sasa hivi."