Mkwe Aliyegeukia Ukuta

Hadi leo sijui mzee wa kitanda cha jirani alijuaje nani anakuja. Kabla mwanafunzi wa uuguzi hajaingia wodini, mzee alikwisha kujifunika blanketi lake la mtumba gubigubi. Binti huyo alipoyaona makubazi ya mzee chini ya kitanda, akageukia ukuta. Mzee ni baba mkwe wake, na kwetu Rungwe hao hawatazamani wala kusemeshana.

“Utampimaje usiyemwona?” mwalimu wake akafoka.

“Namsikia, Sista. Anahema juujuu.” Kisha akaniambia mimi, “Kaka, mwambie baba avute pumzi ndefu.”

Nikawa simu yao.

“Gwe kijana, mwambie siwezi,” blanketi likajibu.

“Haya, mwanafunzi, uamuzi?”

“Akalishwe sasa hivi, apewe oksijeni.”

Mwalimu akakimbilia mtungi. Aliyemkalisha mzee ni mimi, mguu wangu ukiwa kwenye plasta, mkwe akinielekeza bila kugeuka.