Koti la Birika

Cucu akikaa nje kwenye kiti chake, anajua kama nesi amefika kazini. Zahanati iko ng'ambo ya mto, paa la bluu, karibu hivi kwamba unaona dirisha likifunguliwa. Lakini kuiona si kuifikia. Juu ya mto kuna magogo mawili tu, na mvua ya Aprili ikija huyabeba yote mawili, tunakaa tukingoja maji yapungue ndio wanaume walaze mengine. Mwenye miguu mizuri anazunguka kwa barabara. Cucu, mama ya mama yangu, aliyenilea tangu nikiwa mdogo, magoti yake hayamruhusu. Na dawa ya presha hawampi mtu akupelekee. Lazima uende mwenyewe, upimwe.

Kwa hivyo mwaka ule wa uchaguzi mimi sikuwa na siasa kichwani. Nilikuwa na daraja.

Mimi ni mpagazi wa mlimani hapa Naro Moru. Shule niliachia kidato cha pili, nikaanza kubebea watalii mizigo. Nikipanda, napanga maisha: nitakuwa kiongozi wa watalii, nitajenga nyumba ya mawe yenye dirisha kubwa linalotazama mlima, cucu akae hapo akinywa chai na kuona theluji bila kusikia baridi. Wenzangu hunicheka. "Huyu akibeba kilo ishirini," wanasema, "kumi na tano ni ndoto."

Aliyegombea ni mpishi wetu wa kambi, mzee ambaye amekoroga uji kwenye baridi ile ya juu miaka mingi kuliko umri wangu. Alitaka kuwa mwakilishi wa wadi. Kampeni yake ilikuwa kamba. Alichukua kamba ya hema, akapima mto kwa kuifunga mti wa huku na mti wa ng'ambo, akaikata hapo hapo, na kila mkutano aliitoa mfukoni na kuwapa watu wawili waivute.

"Hii ndiyo urefu ya shida yetu," alikuwa akisema. "Si kubwa. Hata nyinyi mmeishika na mikono."

Aliomba tikiti ya chama kikubwa. Kwetu kuna chama kimoja tu kinachoshinda. Msimu huu ni rangi hii, msimu ule ni rangi nyingine, lakini mwenye tikiti ya rangi ya msimu ameshapita. Agosti tunaenda tu kuthibitisha. Uchaguzi wenyewe, ule wa kweli, ni Aprili, kwenye mchujo wa chama.

Sasa niseme habari ya makoti.

Sisi wapagazi tuna daftari la lango. Kila safari, kabla hujaingia msituni, unaandika jina, nambari ya kitambulisho, unatia sahihi. Ni alfajiri, vidole vimekufa ganzi, mgeni amesimama anataka kuondoka. Hakuna anayesoma maneno yaliyo juu ya ukurasa. Kwetu daftari ni daftari, ukiwekewa mbele unatia sahihi.

Miezi kadhaa kabla ya mchujo, mwanamume mmoja mchangamfu alikuja pale langoni na boksi la makoti ya mvua na daftari lake. Makoti mazuri, ya kijani, yana kofia. Kifuani palikuwa na picha ndogo ya birika. Tukadhani ni alama ya kiwanda.

"Ni ya nani hii?" nikamuuliza.

"Ni yenu. Andika jina tu, na kitambulisho, uweke sahihi."

Nikatia sahihi wa kwanza. Tena si hiyo tu. Nikageuka nikaita wenzangu waliokuwa wakifunga mizigo: "Wasee, kujeni! Makoti ya bure, na hata hawachagui mtu!" Wakaja wanane, wakicheka, wakitia sahihi mmoja baada ya mwingine juu ya mgongo wa mwenzake. Siku hiyo nilijiona mtu wa maana sana.

Siku ya mchujo ilinyesha tangu asubuhi. Tulifika uwanja wa shule ya msingi sote tisa, tumevaa makoti yetu. Wakubwa walikuwa wametuambia mara zile nyingine ulienda na kitambulisho peke yake. Safari hii palikuwa na meza, rejista ya chama, na karani mwenye simu. Karani nilimjua, tulikaa dawati moja darasa la saba.

Akatafuta jina langu. Akatafuta tena. Akabonyeza simu, akaandika nambari yangu, halafu akanitazama kifuani kwa muda.

"Kumbe hata umevaa."

"Nimevaa nini?"

"Chama yako. Wewe ni mwanachama wa birika, tangu Januari." Akanigeuzia simu nisome. Majina yangu, yote matatu, na birika pembeni.

"Mimi sijaingia chama yoyote. Hii ni koti!"

"Sahihi iko."

Nikamwambia nitoe basi, niandike barua saa hii. Akasema siku za kuhama vyama zilikwisha. Nikamwambia mimi ni mpiga kura wa wadi hii, kadi ni hii, na atakayepita hapa leo ataniongoza mimi na cucu yangu pia, hata kama sina chama.

"Dada, ni chama inachagua mtu wake. Tukifungulia kila mtu, maadui wataingia watuchagulie mtu dhaifu."

"Maadui gani? Si ni mimi? Si tulikuwa tunakula githeri kwa bakuli moja?"

Akainamisha kichwa. Nadhani maneno yalimwingia, lakini rejista haikuwa yake. Nyuma yangu mzee mmoja akapiga gambuti chini. "Songeni huko mbele! Kuna watu wako na ng'ombe ya kukamua!"

Nikasonga. Wanane wakafuata, mmoja mmoja, na kila mmoja akarudishwa kwa birika lile lile. Tukasimama kando ya ua. Kuvua koti ni kunyeshewa, kulivaa ni kuaibika. Hakuna aliyesema ni mimi niliyewaita. Afadhali wangesema.

Hapo ndipo mpishi alipotuona. Akaja mbio kwenye matope, kamba inaning'inia mfukoni, uso unang'aa.

"Watoto wangu! Mmeshapiga?"

Ningemwambia. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini alikuwa na furaha ile ya mtu aliyeona kilele, nikaingiza kidole changu kisicho na wino ndani ya mkono wa koti, nikasema, "Tumepiga, mzee. Sote."

"Tisa," akasema. Akatuhesabu kwa kidole, akacheka, akaondoka.

Alasiri walitangaza kwa kipaza sauti. Mpishi alishindwa kwa kura sita.

Mtu akifungiwa ndani ya nyumba hupiga mlango. Mimi nilikuwa nimefungiwa nje, na mlango wenyewe nilikuwa nimeufunga kwa mkono wangu, kwa kalamu. Nyumbani cucu aliniuliza kama daraja limepita. Nikasema bado. Akageuza kiti, akaendelea kuangalia dirisha la nesi.

Wiki iliyofuata tulipata safari. Kule kambini, wageni wakiwa wamejilaza hemani, nikamwendea mpishi jikoni akimenya viazi, nikamwambia yote: makoti, daftari, nani aliwaita wengine, na ule uongo wa pale uani.

Akamenya kiazi kizima kabla ya kujibu.

"Ulisoma yale maneno ya juu ya daftari?"

"Hapana, mzee."

"Hata mimi ile ya lango sijawahi soma. Sijui inasema nini." Akachukua kiazi kingine. "Lakini ungeniambia siku hiyo. Mimi nimekuwa nikihesabu tisa yenu, nikaona watu wa kanisa letu ndio walinigeuka. Nimewanunia wiki nzima. Jumapili sikuwasalimia."

"Pole, mzee."

"Pole utawaambia wao, mimi nitapata wapi uso?" Akanisukumia kisu na ndoo. "Menya."

Tukamenya.

Agosti nilipiga kura. Kwenye karatasi palikuwa na yule wa tikiti na majina mengine mawili ambayo hakuna aliyewahi kuyaona sokoni. Nilikaa kwenye kile kibanda cha karatasi muda mrefu mpaka msimamizi akakohoa. Birika nimeshatoka, niliandika barua, ujumbe ukaja kwa simu kwamba sina chama. Wenzangu wananiambia niingie kile kikubwa, ili mchujo ujao nisirudishwe. Sitaki. Nataka siku ya mchujo mwenye kadi ya kura ya wadi aingie, akiwa na chama au bila, kwa sababu kwetu siku hiyo ndiyo siku. Nimemwambia hivyo hata mwakilishi aliyeshinda, sokoni. Akaniambia nina sauti nzuri ya kuuza.

Novemba mvua ikabeba magogo tena, na siku ya cucu ya kupimwa ikafika. Mpishi alikuja asubuhi na ile kamba. Akafunga ncha moja kwa mti wa huku, akavuka akiwa ndani ya maji mpaka kiunoni, akafunga nyingine ng'ambo. Ilitosha kabisa.

Nikachuchumaa, cucu akapanda mgongoni. Ni mwepesi kuliko mzigo wowote niliowahi kupandisha mlimani, na ndiye pekee aliyenitia hofu. Nilivaa lile koti, kwa sababu ndilo nililo nalo. Nikashika kamba kwa mkono mmoja, nikaingia majini.

"Polepole," akasema cucu sikioni. "Mimi si hema."

Mbele yetu nesi alikuwa amesimama dirishani, akituangalia.