Daftari la Mwalimu Elieza

Wajukuu wangu wakichonga penseli kwa wembe, ile harufu ya mti hunirudisha Temeke, enzi za Mwingereza, na papo hapo naanza kushuku watu. Msinicheke. Mwalimu Elieza alichonga yake kila asubuhi, taratibu, kisha akafanya jambo ambalo hatukuwahi kumwona mwalimu akilifanya: alikwenda kukaa nyuma yetu. Hana kiboko, hasemi kitu. Sisi tunasoma, yeye anatutazama na kuandika daftarini.

Bibi yangu, aliyenilea, hakulipenda hilo hata kidogo. Mtu wa bara, Mkristo, ana nini na watoto wa Kiislamu?

"Hayo anayoandika ni majina yenu," alisema huku akikuna nazi. "Yanapelekwa misheni, mkabatizwe. Mie nikipata hakika, shule basi. Utakaa ndani mpaka uolewe."

Nilikuwa na hofu nyingine ambayo sikumwambia. Sikujua kusoma. Chuoni, tulikojifunza Kurani, nilizoea kuhifadhi kwa kusikia, nikiyumbayumba na wenzangu, na shuleni nikafanya vivyo hivyo. Jirani yangu akisoma mara moja, nami nimeshahifadhi. Tena nilikuwa na sauti nzuri, nikasifiwa! Siku moja nikafunua kurasa mbili kwa pamoja bila kujua, nikaendelea na hadithi pasipo kukosea hata neno. Nyuma yangu nikasikia penseli inakwaruza. Nikajua nimekwisha.

Tangu hapo, Mwalimu akitabasamu, nashuku. Akiniuliza habari za nyumbani, nashuku zaidi. Nilimchukia, nasema kweli. Basi saa ya mapumziko, wenzangu wakicheza rede uwanjani, nikanyemelea darasani. Daftari lilikuwa mezani, wazi. Nikaliinamia nijue ameandika nini juu yangu, ndipo nikatanabahi: nitajuaje?

Herufi mojamoja nilizijua; nikaweka kidole, nikaanza kuziunga. Zu. Hu. Ra. Jina langu! Nikaunga tena, sasa kwa hasira. "Ana kichwa chepesi. Anasoma kwa masikio. Asichapwe."

"Umefika wapi?" Mwalimu alikuwa mlangoni.

"Kwenye asichapwe, Mwalimu," nikajibu, nalia.

"Haya, endelea."

"A-fu-ndi-shwe po-le-po-le."

Jioni nilimweleza Bibi yote. Alinikodolea macho, akachukua kipande cha gazeti kilichofungiwa chumvi. "Soma." Nikasoma, nikikwama kila neno. Kesho yake aliniamsha mapema niende shule.

Kwa miaka mingi nilijiona mwizi hodari. Nilikuwa mtu mzima, nikimfundisha mwanangu herufi, iliponijia kwamba Mwalimu hakuwahi kuliacha daftari lile ila siku ile tu; hata akienda kunywa maji alikwenda nalo. Tena ukurasa wa upande wa pili ulikuwa na mwandiko wake wa haraka, herufi zimeshikana. Ule wa jina langu aliuandika kwa herufi kubwa, mojamoja, kama za darasa la kwanza.