Mke Mwenza Mrefu Kama Kidole

Mume wangu alikuwa fundi saa miaka thelathini na miwili. Watu walipoanza kutazama saa kwenye simu alifunga kibanda, akarudi nyumbani na koleo zake ndogo. Lakini mkono uliozoea vitu vidogo hauwezi kukaa bure. Akaanza kutengeneza sanamu zenye urefu wa kidole, nami nikamshukuru Mungu kwamba hakuanza kunywa.

Siku moja alileta askari wa plastiki aliyepanda farasi. Akamkata mkono wenye upanga, akambandika mwingine ulioshika hatamu. Kofia ya chuma akaikwangua. Kwa udongo laini akamfinyangia gauni na kitambaa cha kichwa. Askari akageuka mwanamke huku namwona, juu ya meza yangu ya kulia chakula. Farasi akamsimamisha kwenye kibao, ndani ya kibonde cha mto.

Kisha akaanza rangi. Uso ule aliupaka siku nne, kwa brashi yenye nywele tatu, huku amezuia pumzi. Kitambaa akakipaka kijani.

Kijani hicho nakijua. Kipo kwenye picha iliyo ndani ya droo yake, picha ya marehemu mke wake wa kwanza. Nikajiambia, vitambaa vya kijani viko vingi duniani. Lakini wifi yangu alipokuja kutusalimu hakuniacha nijidanganye.

"Ee, kaka! Si marehemu huyu? Hata shingo ni yake!" Akanigeukia akicheka. "Wifi, pole. Umeletewa mke mwenza wa kuweka mfukoni."

Nilicheka pia. Meno ni mfupa. Mume wangu hakukana, akaendelea kusafisha brashi.

Miaka kumi na tisa nampikia, namshonea vifungo, namwombea. Hajawahi kuutazama uso wangu siku nne mfululizo.

Yakabaki maji. Maji ya mto ni gundi inayochanganywa na dawa ya kuigandisha, ikikauka inakuwa kama kioo. Humiminwa tabaka jembamba kama ukucha, halafu husubiriwa siku nzima kabla ya lingine. "Maji haya hayataki haraka," alikuwa akisema, na kuyafunika kwa bakuli yasiingie vumbi. Alikusudia yaishie kwenye magoti ya farasi.

Alipokwenda kwa kinyozi, nilisali moyo utulie. Haukutulia. Nikachanganya chupa zote mbili kama nilivyomwona akifanya, nikamimina zote kwa mpigo. Mto ukapanda mpaka kiunoni mwa yule mwanamke. Nilisema kwa sauti, "Haya, ogelea."

Muda si mrefu kibao kikaanza kupata joto. Ukafuka moshi wenye harufu kali, maji yakawa manjano yaliyojaa mapovu, kisha nikasikia "ka!" Mto ukapasuka katikati.

Mume wangu aliporudi, alisimama kama saa iliyokatika springi.

"Nani amefanya hivi?"

Ningeweza kusema paka. Hatuna paka, lakini wazo lilinijia.

"Ni mimi."

"Zote kwa pamoja?"

"Zote."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu ni yeye."

Akavuta kiti, akakaa. "Ni yeye," akasema. "Aliogopa maji maisha yake yote. Hata daraja alilivuka amefumba macho, amening'ang'ania mkono. Nilitaka avuke walau mara moja akiwa ameyafumbua."

Aibu ilinishika, lakini wivu haukutoka. Vilikaa pamoja kama wageni wawili kwenye kochi moja. Mimi huo mkono hata kwenye ngazi sijapewa. Nikakitazama kibao, nikaona kitu.

"Baba, anavuka kwenda wapi? Mbona hakuna ng'ambo?"

Kweli, alikuwa ametengeneza ukingo mmoja tu, ule alikotoka. Mume wangu akaupangusa uso. "Sikuifikiria," akasema.

Farasi hakuweza tena kuchomolewa. Basi tukaufanya mto uwe wa mafuriko: yeye akapaka rangi ya tope juu ya manjano, na juu ya ufa akachora povu jeupe. Mimi nikaongeza ubao, nikachekecha mchanga kwa chujio la chai, nikapanda majani ya uzi wa kushonea. Nilimfanyia ng'ambo nzuri, yenye mteremko mpole. Nilitaka afike. Nilitaka afike na abaki hukohuko.

Sasa yuko kwenye rafu ya sebuleni. Asubuhi nikipangusa vumbi, namgeuza aelekee dirishani. Jioni namkuta ameelekea kiti cha mume wangu. Hakuna kati yetu anayeuliza nani amemgeuza.