Karatasi Niliyoiandika kwa Mkono Wangu

Kazi yangu hapa Kalemie ni kuwafundisha watu sheria. Napita sokoni, makanisani na ufukweni kwa mama wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na kipaza sauti changu kibovu, nikiwaambia yale yale: ukiitwa polisi, nenda, usitie kidole kwenye karatasi ambayo hujasomewa, na mtu hafungwi kwa kosa la mwingine. Hilo la mwisho ndilo ninalolipigia kelele zaidi. Huku kwetu mwenye kosa akikimbia, anachukuliwa mke wake au baba yake, na ukoo wote unaona ni sawa. Wengine hujipeleka wenyewe, eti wakae ndani mpaka ndugu arudi. Nilikuwa nawacheka sana watu hao.

Asubuhi moja mdogo wangu alimgonga mzee kwa pikipiki, akamvunja mguu. Badala ya kujipeleka kituoni, akapanda mtumbwi wa kwenda Zongwe, akakimbia. Saa nne jirani akanipigia simu: polisi wamekuja kumtafuta, hawakumkuta, wamemchukua Mama.

Niliogopa. Mama ana pumu, na chumba cha mahabusu nakijua, nimewahi kutembelea watu mle. Hakina dirisha. Njia nzima nilikuwa nakariri vifungu vya katiba kama mtoto anayekwenda kwenye mtihani, na nilipofika mlangoni sikubaki na hata kimoja. Mama alikuwa kwenye benchi, amevuliwa viatu tayari. Mwenye kuingizwa ndani huvuliwa viatu kwanza.

“Ule mwalimu wa sheria njo wewe?” ofisa aliniuliza, wala hakukasirika. “Mudogo yako iko wapi?”

Nilitakiwa kusema sentensi moja tu, ile ninayoisema sokoni kila juma. Nilimtazama ofisa, nikatazama ule mlango wa chuma nyuma yake, na sauti iliyonitoka ilikuwa ndogo, ya aibu.

“Papa, muache Mama. Munifunge mimi.”

Akanisukumia karatasi na kalamu. “Andika weye mwenyewe.”

Nikaandika. Mimi, mwalimu mzima, nikaandika kwamba nakubali kufungwa mahali pa mdogo wangu. Mkono ulitetemeka hadi mwandiko ukawa kama wa mtu mwingine. Nilikuwa natafuta pa kutia sahihi Mama aliposema kutoka benchini:

“Unisomee kwanza.”

“Mama, ni karatasi tu.”

“Mi sijue kusoma. Unisomee, na kwa nguvu.”

Mlangoni walikuwa wamesimama wanawake waliowaletea wafungwa chakula, na sufuria zao mikononi. Nikasoma. Kila neno lilinichoma. Nilipofika kwenye kufungwa mahali pa mdogo wangu, mmoja akafyonya kwa sauti, wote wakageuza macho kwa ofisa. Nilidhani sasa ndiyo tumekwisha, tutaingizwa wote wawili.

Ofisa alinyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaichana. Viatu vya Mama akavisogeza kwa mguu mpaka benchini.

“Mwende,” akasema. “Na ule kijana mumulete. Kosa njo yake.”

Tulimpigia mdogo wangu simu palepale nje ya kituo, na Mama alimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Kesho yake alirudi, akajipeleka mwenyewe.

Lakini siku ile, njiani, Mama alitembea akipumua kwa shida. Karibu na nyumbani akasimama.

“Ulikuwa unatetemeka sana.”

“Ndiyo, Mama.”

“Ukienda kufundisha bantu kule sokoni, uwaambie na ile.”

Nimefundisha mara nyingi tangu siku hiyo. Bado sijawaambia.