Upanga Wangu na Shikamoo ya Mtani

Kwetu Mkunya, kule Newala, panga ni la kufyekea chini ya mikorosho. Ukilinoa sana, mama anakuuliza unataka kumchinja nani. Mimi nikaja Masasi kutafuta maisha, na maisha yenyewe nikayakuta Mkomaindo, kwenye kibanda cha gemu, namfulia upanga mzungu wa kwenye skrini mwenye kofia ya chuma. Mama alijua natafuta kazi. Kazi si ndiyo hiyo! Kuchimba chuma, kuchoma mkaa, kugonga nyundo, vyote kwa kidole gumba.

Mpinzani wangu alikuwa dada anayesuka nywele kibanda cha pili. Yeye Mmakua, mimi Mmakonde, kwa hiyo ni watani, yaani heshima hakuna. Tukawekeana dau: Jumamosi tuone upanga wa nani utaliua lile jitu linalolinda geti kwenye gemu. Atakayeshindwa atamwamkia mwenzake shikamoo mbele za watu mpaka msimu wa korosho uishe. Na tumelingana umri! Afadhali nichapwe.

Nikafua wiki nzima. Kwenye gemu unaweka panga mbili pamoja; mshale wa kijani maana yake bora, mwekundu maana yake takataka. Kiingereza changu kiliishia la saba, lakini rangi ni rangi. Wangu ulikuwa kijani tupu. Wake mwekundu kama pilipili.

"Mtani, huo upanga au mwiko wa ugali?" nikamuuliza.

"Cheka tu. Utaniamkia mpaka ukome."

Sasa, mwenye kibanda ni bahili kweli: wateja wote tunatumia mpiganaji mmoja, na sanduku moja la silaha. Jumamosi nafungua sanduku, upanga wangu haupo. Nageuka, namwona dada kajitanda kanga, kashika pedi ya gemu, analia kwa sauti.

"Pole na msiba, mtani. Marehemu tumemzika kwenye tanuru."

Alikuwa ameuyeyusha! Chuma changu chote kakimimina kwenye mwiko wake. Wateja nao, watu wema sana, wakaangua kilio. Mmoja akauliza ubwabwa wa msiba unaiva saa ngapi.

Jitu likala mapigo mawili ya mwiko huo, chali. Mimi nilikuwa nalipigia hesabu ya nusu saa.

Nikakata rufaa kwa mwenye kibanda. "Bro, ule ni upanga wangu! Kaiba!"

"Wewe kabila gani?"

"Mmakonde."

"Na huyu?"

"Mmakua."

"Mtani wako akibeba kuku wako, unaenda polisi?"

Nikajichekesha. Mtani akibeba kuku wako unacheka. Ukinuna, umeshindwa mara ya pili.

"Haya," dada akasema, kakaa kwenye benchi kama mke wa mwenyekiti wa kijiji, "hatujasikia."

"Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekua!"

Tangu hapo hanipi nafasi. Nikipita upande wa pili wa barabara, yeye, rasta za mteja mkononi, anakohoa. Nasimama, naamkia, naendelea.

Juzi mama kashuka kutoka Newala na kiroba cha mihogo. Tunapita pale, kikohozi hicho. Nikaamkia. Mama akamtazama yule dada, akanitazama mimi, macho yakamjaa machozi.

"Mwanangu," akasema, "kumbe mjini wanafundisha adabu."